Maneno ya Kiingereza Yenye Sauti Moja

Mtu ajuaye Kiswahili akisikia neno "paa" hashangai kwamba laweza kuwa mnyama wa porini, au sehemu ya juu ya nyumba, au kuruka juu kama ndege. Maana hizo zote huandikwa kwa herufi zile zile, nayo maneno yaliyo kando humjulisha ipi inatakiwa.

Katika Kiingereza mambo ni magumu zaidi. Huko maneno mengi hutamkwa kwa sauti moja, lakini kila moja lina herufi zake na maana yake. "Sea" ni bahari, na "see" ni kuona. "Week" ni juma, na "weak" ni dhaifu. "Night" ni usiku, na "knight" ni askari wa zamani aliyepanda farasi.

Wanafunzi wengine hudhani ya kuwa herufi zisizosikika zimetiwa bure, ili kuwataabisha wageni. Sivyo. Zamani K ya "knight" ilitamkwa, na GH yake ilitoka kooni, karibu na KH ya neno "kheri". Hata "sea" na "see" zilikuwa mbalimbali kwa sauti. Mwaka 1476 William Caxton alianzisha kazi ya kupiga chapa vitabu katika Uingereza. Vitabu vilipoenea, maandishi yalianza kutulia, lakini ndimi za watu hazikutulia. Ndiyo sababu maandishi yana sura ya kale, na matamshi yana sura mpya.

Mengine yalianza kuwa neno moja. "Flour" ni unga, na "flower" ni ua. Zamani unga ulio bora uliitwa ua la ngano. Baadaye maana hizo mbili zikagawanywa kwa herufi.

Jambo hili si dogo. Tuseme karani anaagiza unga wa chakula cha wagonjwa, naye aandika "flower". Mwenye duka yuko mbali, hasikii sauti ya karani. Aona herufi tu. Maua yakiletwa, wagonjwa watakula nini?

Basi sikio peke yake halitoshi. Yampasa mwanafunzi kulitazama neno, kulitamka, kisha kuliandika ndani ya sentensi nzima pamoja na mwenzake wa sauti moja. Akifanya hivyo mara nyingi, mkono wake utayatambua maneno ambayo sikio haliwezi kuyatenga.