Udaktari wa moja kwa moja, kwa pesa za nani?

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yakitoka, mtaa wetu wa Katindo hapa Goma hujua kabla ya redio. Pikipiki zinapiga honi, poda nyeupe inamwagiwa aliyefaulu mpaka nyusi hazionekani, na kabla hajanawa uso shangazi ameshauliza: "Sasa papa, unaingia udaktari, sivyo?"

Marekani shangazi angeulizia mapema mno. Kule kijana husoma chuo miaka 4, anafanya mtihani wa MCAT, ndipo anaomba shule ya udaktari, miaka 4 mingine. Wachache tu huahidiwa yote mawili wakitoka sekondari: Chuo Kikuu cha Brown kina programu ya miaka 8, na Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City kimebana yote katika miaka 6 tangu 1971. Wazazi huko wanazigombania nafasi hizo. Kwetu Kongo kuingia udaktari moja kwa moja ndiyo njia ya kila mtu. Ukiwa na diploma ya serikali unaandikishwa chuo kikuu, Unigom au ULPGL, humu humu mjini, na miaka 6 au 7 ikienda vizuri unaitwa dokta.

Mlango ni mpana. Chujio liko ndani. Oditoriyumu ya mwaka wa kwanza inajaa hadi madirishani, ya mwaka wa mwisho mtu anachagua kiti.

Siipingi njia hiyo. Ni fupi, na nchi inahitaji madaktari. Ninachouliza ni nini anapata anayekatikia katikati. Na hapa Goma kukatika si uvivu. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka 2002, ikarudia 2021. Waasi wa M23 waliingia mjini 2012, wakaingia tena Januari 2025, benki zikafunga milango. Minervali, yaani ada ya chuo, na pesa za silabasi zinatafutwa muhula kwa muhula, nani atakuahidi miaka 6?

Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ulipoenezwa vyuoni mwaka wa masomo 2021-2022, miaka 3 ya kwanza ya udaktari inaishia kwenye lisansi ya sayansi za biomedikali. Kwenye karatasi, hicho ni kituo cha kupumzikia. Lakini peleka lisansi hiyo kwenye kituo cha afya uone. Muuguzi wa ngazi ya A1 aliyesoma ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, miaka hiyo hiyo 3 anapewa koti jeupe na zamu ya usiku. Wewe unaulizwa unajua kufanya nini.

Zamani haikuwa hivyo. Kongo ilipopata uhuru 1960 haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja, ila ilikuwa na wasaidizi wa tiba waliokwishatibu watu kwa miaka. Makumi kati yao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wakamalizia udaktari, wakarudi. Wakoloni waliwawekea dari makusudi, na hilo halitetewi. Hata hivyo cheti chao cha katikati kilikuwa kazi, na walipopewa nafasi ya kuendelea walifika darasani wakiwa wameshagusa mgonjwa.

Lisansi ya leo ingeweza kumfungulia mtu maabara, au timu za chanjo, na haki ya kurudi kuendelea alipoachia hata baada ya miaka mitano. Mpaka hapo, mzazi mwenye pesa za miaka 3 tu, na asiyejua za mwaka wa nne zitatoka wapi, ningemshauri aanzie ISTM, hata shangazi akinuna.