Risasi ndani ya risasi: Msamiati wa bunduki ya wenzo

TUSEME umepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa Mmarekani anayejiundia risasi nyumbani kwa ajili ya bunduki aliyorithi kwa babu yake. Unaanza vizuri tu, kisha kalamu inakwama. Ukiandika kwa mazoea utapata sentensi hii: “Yeyusha risasi, usubu risasi, kisha uipachike risasi hiyo kwenye risasi tupu, nawe utakuwa na risasi.” Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini atakayeifuata anaweza kupoteza vidole, maana neno moja limebebeshwa mizigo minne: metali, kichwa kinachoruka, ganda la shaba na kitu kizima kilichokamilika.

Bunduki ninayoizungumzia ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning. Chini yake, penye kifyatulio, kuna mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Ukiusukuma chini, ganda lililotumika linachomoka. Ukiurudisha juu, risasi mpya (nivumilie kwa sasa) inaingia. Mkono huo ni wenzo, umoja wa nyenzo. Siku hizi nyenzo tumezifanya kuwa vifaa, hata fedha za mradi, tukausahau wenzo wenyewe, ule mti au chuma cha kuinulia kitu kizito, ambao umebaki kwenye vitabu vya sayansi. Kenya nayo iliwahi kuiona bunduki ya aina hii: Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda huku mwaka 1909, alibeba Winchester ya toleo la 1895, nayo pia ni ya wenzo.

Sasa, kwa nini mtu asubu mwenyewe ilhali madukani kwao zimejaa? Gharama ni sababu moja. Nyingine ni umri wa bunduki. Kichwa cha risasi tupu hakiukwaruzi mtutu mkongwe kama kilichovishwa shaba, na kikienda mita 500 au 600 kwa sekunde badala ya zile 670 hivi za kiwandani, bega na bunduki hupata nafuu. Wala si mtindo mpya. Katika karne ya 19 kampuni ya Winchester yenyewe iliuza kalibu na vyombo vingine vya kazi hiyo.

Neno risasi tulilipata kwa Waarabu, na kwao rasas ni ile metali nzito ya kijivu. Metali ndiyo maana ya kwanza. Kichwa cha bunduki kilirithi jina kwa sababu kilisubiwa kwa metali hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Peke yake ni laini mno, hivyo huchanganywa na bati ili ijae vizuri kwenye pembe za kalibu, na antimoni ili iwe ngumu. Antimoni makamusi ya zamani huiita wanja wa manga. Mchanganyiko mmoja maarufu una sehemu 90 za risasi, 5 za bati na 5 za wanja huo.

Hapa hata sisi watu wa magazeti tumo. Mashine za Linotype, zilizoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, zilisubu kila mstari wa habari kwa mchanganyiko wa jamii hiyo hiyo, wenye antimoni asilimia 12 hivi. Magazeti yalipoziacha mashine hizo, walenga shabaha wa Marekani waliyakimbilia mabaki. Vichwa vya habari vikawa vichwa vya risasi!

Na kalibu je? Hilo pia ni la Kiarabu, qalib, chombo cha kutilia umbo. Wanaisimu wengi huona kwamba jina ambalo Wazungu hulitumia kwa upana wa mtutu lilichipuka papo hapo. Kwa hiyo mtu akisema bunduki ya kaliba fulani, anatumia neno ambalo ni ndugu wa kalibu, ingawa moja hupima na jingine huumba.

Kupima si jambo la mzaha. Mitutu ya zamani hutofautiana, basi mwenyewe husukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu kwa ufito, kitoke upande wa pili, akipime kwa maikromita. Kichwa atakachosubu hupaswa kuzidi kipimo hicho kwa sehemu moja au mbili za elfu za inchi. Kikipungua, gesi ya moto hupenya pembeni na kuipaka risasi ndani ya mtutu, shabaha ikapotea. Kichwa hupakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, na nyuma huvishwa kikombe kidogo cha shaba.

Turudi kwenye ile mizigo minne. Ganda ni ganda, tunalisoma kila siku kwenye habari za polisi. Kile kidude cha kuwashia baruti kilichoko kwenye tako la ganda ni fataki, neno lililokuwako enzi za magobore kabla hatujalihamishia kwenye milipuko ya rangi ya sikukuu. Kitu kizima, chenye ganda, fataki, baruti na kichwa, makamusi ya kale hukiita kiasi, wingi viasi. Bunduki ya viasi ilikuwa ile isiyopakiwa kupitia mdomoni. Yaelekea jina lilitokana na baruti kuwa imepimwa tayari. Naona tulifufue.

Utamu wake utauona kwenye ghala ya Winchester hii, ambayo ni bomba refu chini ya mtutu. Viasi hulala humo kwa foleni, pua ya kimoja ikigusa fataki ya kilicho mbele. Ndiyo sababu vichwa vyake husubiwa bapa. Pua ikichongoka, mshtuko wa mlio mmoja unaweza kulipua foleni nzima. Hebu ieleze habari hiyo kwa neno risasi peke yake!

Kitenzi kinachonitia wasiwasi zaidi ni kushindilia. Kwa gobore kilifaa: baruti nyeusi ilimiminwa mdomoni, ikashindiliwa kwa mdeki, kwani haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa. Lakini kiasi cha .30-30, kilichoingia sokoni mwaka 1895, kiliundiwa baruti isiyo na moshi, na hiyo haina utani. Hupimwa kwa mizani, kwa kufuata jedwali la aliyeitengeneza, na kwa vichwa vya kusubu mara nyingi huchukua sehemu tu ya ganda. Kikomo cha shinikizo ni pauni 42,000 kwa kila inchi mraba. Msomaji akiambiwa ashindilie, naye akaongeza mpaka ganda likajaa, bunduki inaweza kumpasukia usoni. Kujaza nako kuna hatari ile ile. Kutia baruti kunatosha.

Metali yenyewe, bila hata baruti, ni sumu. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya Sh1.3 bilioni kwa madhara ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na wanahabari wengi wakaandika “madini ya risasi” ili mtu asidhani watu walipigwa bunduki. Msubu vichwa naye hufanya kazi penye hewa, hali wala kuvuta sigara hapo, na hunawa mikono akimaliza.

Kimebaki kile kikombe cha shaba cha nyuma, ambacho hakina jina lililozoeleka. “Kizuiagesi” ni refu na lina harufu ya ofisi. Mimi huandika kizibo.