Kaske kwa kichwa, kontra mukononi

Sisi watu wa mugoti tunajua kaske. Inalinda kichwa kama jiwe linaanguka. Lakini mbele ya patroni kaske hailindi kitu: pale kinacholinda ni mukanda wenye ulitia sinyatire. Leo tunataka kuwaambia, bandugu na bamama, habari ya Wafaransa wawili wenye walivaa kaske miaka mingi juu watu wasione sura zao. Sura walificha, lakini mukanda walisoma vizuri. Ni Daft Punk.

Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo walikutana mwaka 1987 kwenye lise Carnot, kule Paris. Mwanzo walikuwa watatu, wanapiga gitare. Mwandishi mumoja wa gazeti la Uingereza akawacheka. Wao wawili wakaokota lile neno la kicheko, wakalifanya jina. Kisha wakashika mashini. Diske ya kwanza ilitoka mwaka 1994 kwa kampuni ndogo ya Scotland. Albamu ya kwanza, Homework, ya mwaka 1997, waliitengenezea katika chumba, kule nyumbani kwa Thomas.

Kampuni kubwa ilipokuja na feza, hawakuuza yote. Ile bande ya kwanza, yenye diske zote zinatoka ndani yake, ilibakia mali yao. Kampuni ilipata paka ruhusa ya kutoa diske na kuuzisha. Ni sawa na mutu mwenye anakodisha shamba, lakini hauzi udongo. Baba ya Thomas, Daniel Vangarde, alikuwa mutu wa kazi hiyo: alitengeneza nyimbo za disko zenye zilichezwa sana zamani, kama ile D.I.S.C.O. ya Ottawan. Mutoto alikomalia katika nyumba yenye kujua kama wimbo ni mali.

Muziki wao ulikuwa namna gani? Walikata kipande kidogo cha diske ya zamani, disko ao funk, wakakirudisha-rudisha na mashini, wakakitilia ngoma mupya ya umeme. Wazee wakasikia ujana wao, vijana wakasikia kitu kipya. Wote wakacheza.

Lakini kila kipande kina jasho la mutu. Wimbo wao mukubwa One More Time, wa mwaka 2000, ulikatwa katika More Spell on You, wimbo wenye Eddie Johns, muimbaji mwenye alizaliwa Liberia, alirekodi Ufaransa mwaka 1979. Dunia nzima ilicheza. Eddie Johns? Mwaka 2021 gazeti Los Angeles Times lilionyesha kama aliishi maisha ya shida sana kule Marekani, bila kupata kitu. Daft Punk walilipa, ndiyo, lakini walilipa kampuni yenye ilikuwa na haki za diske. Nyuma ya gazeti kuandika, kampuni ikasema itamuhesabia haki yake. Miaka 20 imekwisha pita!

Bandugu, hii habari hatuijui? Mawe yanatoka kwa mukono wetu, feza inafuata mukanda. Mwenye mukanda njo mwenye wimbo, kama vile mwenye mukanda njo mwenye mugoti.

Kisha wale wawili walifanya kitu kingine, na hapa tunawasifu. Kwa albamu Random Access Memories, ya mwaka 2013, hawakukata tena diske za wazee kama zamani: waliita wazee wenyewe ndani ya studio. Nile Rodgers na gitare yake, Nathan East na bas, Omar Hakim na ngoma. Giorgio Moroder, mufalme wa disko, alielezea maisha yake na sauti yake mwenyewe. Kila mumoja, jina lake liliandikwa. Mwezi wa kwanza 2014 ile albamu ilipata Grammy ya albamu ya mwaka. Na tusisahau: ndani ya ile gitare ya umeme kuna waya mwembamba wa shaba wenye kuzungukia sumaku. Bila shaba, gitare ile haisemi.

Tarehe 22 mwezi wa pili 2021 waliagana. Nyimbo zinabakia.

Katika site zetu, kutoka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, batoto wetu wengi wanatengeneza muziki na ordinatere ya mukopo. Hatuwakatazi. Tunawaomba hivi: mbele ya kupana wimbo, muulize bande inabaki kwa nani, kwa miaka ngapi, na kila mumoja atapata nini. Jina liandikwe. Musitie sinyatire siku ile ile. Mupeleke mukanda nyumbani, muusome pamoja na mutu mwenye kujua. Na sisi baba, tufanye vile vile na kontra zetu za kazi. Delege wa sindika yuko pale juu ya hiyo.