Hass ni parachichi la asili au la kutengenezwa?

Swali hili naulizwa sana na vijana wanaoanza kilimo cha parachichi. Wengine wanaogopa neno "kutengenezwa". Wengine wanatafuta namna ya kuokoa hela ya miche kwa kupanda kokwa. Jibu langu ni moja: ni vyote viwili, na pale vinapokutana unaweza kupashika kwa kidole.

Hass ilianza kwa bahati. Miaka ya 1920 huko California, Marekani, mgawa barua mmoja aitwaye Rudolph Hass alipanda kokwa ili apate mche wa kubebeshea aina nyingine. Kubebesha kukagoma, mche ukaachwa ukue wenyewe, ukazaa tunda ambalo hakuna aliyelipanga. Mpaka hapo ni kazi ya asili. Mwaka 1935 akaupatia hataza, na tangu hapo ni mkono wa mtu: kila Hass unayoiona, iwe Njombe au Rungwe, imetokana na vikonyo vya mti ule mmoja. Wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Wewe unao shambani, umekaa juu ya mizizi ya parachichi nyingine.

Ndiyo maana kokwa la Hass halikupi Hass. Kokwa ni mtoto, limechanganya damu. Utalea mti miaka, halafu uvune tunda ambalo mnunuzi wa nje halitaki.

Sasa nenda kaangalie mche wako chini kidogo. Utaona kovu, mahali shina limevimba au limepinda. Chini ya kovu ni parachichi ya kienyeji iliyoota kwa kokwa, juu ni Hass. Hawa wawili wanaishi pamoja lakini wa chini hajakubali kushindwa, kila mara anatoa maotea yake. Nimeona mashamba mwenyewe anafurahia mti umenenepa, majani mengi, kumbe kinachonenepa ni ya kienyeji na Hass imeshadumaa pembeni. Jamani, maotea yote ya chini ya kovu yatoe yakiwa bado laini, na wakati wa kupanda usilifukie kovu.

Kitu kingine: kwa kuwa miti yote ya Hass ni ndugu pacha, inafanana hata kwenye udhaifu. Ugonjwa wa mizizi uliomaliza mti mama unapenda maji yaliyotuama, na hapo hakuna mbolea ya kukuokoa. Kama maji yanasimama shambani, chimba mifereji au panda juu ya matuta.

Maua nayo yana ratiba yao. Ua la Hass hufunguka mara mbili: asubuhi likiwa jike, kesho yake mchana likiwa dume. Fuerte ni kinyume chake, jike mchana, dume kesho yake asubuhi. Baridi ikizidi, ratiba inayumba. Hass peke yake inazaa, ila ukichanganya Fuerte, tuseme mti mmoja kwa kila tisa za Hass, chavua inapatikana kwa wakati. Wa kuibeba ni nyuki. Kwa hiyo weka mizinga, na msimu wa maua usipulizie dawa ya wadudu. Ukilazimika kabisa, subiri jioni nyuki wakisharudi mzingani, na usome kwanza lebo inasemaje kuhusu nyuki.