Safari ya ndege huanzia mlangoni pako

Mtu wa Kibomet akisema anakwenda New York, jamaa huuliza kwanza: ndege huchukua saa ngapi? Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mnamo Oktoba 28, 2018, jibu lilikuwa saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi. Umbali ni takriban kilomita 11,800.

Lakini miguu yako haisomi tikiti. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kilomita 380 hivi, na kwa basi au matatu ni saa saba au nane. Ongeza saa tatu za kungoja uwanjani. Jumla ni saa 25 au zaidi, nyingi ukiwa umeketi magoti yamekunjwa.

Damu iliyo miguuni husukumwa kurudi moyoni na misuli ya vigimbi unapotembea. Ukiketi muda mrefu, mwendo wake hupungua na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Donge likikatika huenda mapafuni, na huko laweza kuua.

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi, iwe ya ndege, gari moshi au basi, huongeza hatari hii karibu maradufu. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Huzidi kwa mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mwenye saratani, mnene kupita kiasi, anayetumia baadhi ya tembe za kupanga uzazi, na aliyewahi kuganda damu. Ukiwa mmoja wao, mwone daktari kabla ya kununua tikiti.

Namkumbuka mama mmoja aliyekwenda Marekani kumwona mjukuu. Aliporudi, mguu mmoja ulivimba. Akadhani ni uchovu, akawa anaukanda kwa mafuta. Kumbe damu ilikuwa imeganda, na kukanda kungeweza kulikatua donge. Alipona kwa sababu mwanawe alikataa kungoja.

Basi fanya hivi. Gari likisimama njiani, shuka utembee. Ndani ya ndege, inuka kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa kitini pandisha na kushusha visigino mara kwa mara. Kunywa maji, epuka pombe na dawa za usingizi. Usimeze aspirini kwa kujishauri mwenyewe.

Hatari haiishi ndege inapotua; huendelea kwa majuma kadhaa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukishikwa ghafla na kifua au pumzi kukatika, usingoje hata saa moja.

Safari njema.