Kompyuta ya mtoto anayekwenda China itayarishwe akiwa bado Kigoma

Mzazi wa Ujiji aliyeuza dagaa hadi zikatimia fedha za kompyuta mpakato ya mtumba, mwanawe akiwa amepata nafasi ya chuo China, huona kazi imekwisha siku anapolipa dukani. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Kubwa kuliko yote wala halimo ndani ya kompyuta. Ni laini ya simu. Vijana wengi hutumia Gmail, na akaunti inapofunguliwa kwenye kifaa kipya, Google huweza kutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyosajiliwa. Laini hiyo ikiwa imebaki kwa mdogo wake pale Mwanga, au imefungwa kwa kukaa bila kutumika, kijana anajikuta nje ya akaunti yenye barua ya chuo, viza na vyeti. Kinga yake ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili mapema, kisha kuchukua namba mbadala. Google hutoa kumi, kila moja hutumika mara moja tu. Ziandikwe kwenye karatasi, nakala moja ibaki kwa mama.

China ina jambo lake. Huduma za Google, YouTube, Facebook na WhatsApp zimezuiwa huko. Mama aliyezoea kupigiwa WhatsApp kila jioni anaweza kukesha akidhani mwanawe amepatwa na balaa. Basi WeChat iwekwe kwenye simu zote mbili kabla ya safari na ijaribiwe, kwa sababu kumsajili mtu mpya wakati mwingine huhitaji mwenye akaunti ya zamani amthibitishe. Kijana afungue pia barua pepe nyingine isiyo ya Google na kukijulisha chuo. Nyaraka zihifadhiwe kwenye kompyuta yenyewe na kwenye fleshi inayokaa begi tofauti. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inatosha kwa kazi za darasani.

Kwa kuwa ni mtumba, fundi afute kila kitu cha mmiliki wa kwanza na kuweka mfumo upya. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, hivyo ulizeni kama mashine inapokea Windows 11. Nywila iwekwe siku hiyohiyo.

Chaja isomwe: ikiandikwa 100-240V, umeme wa China hauna tatizo, ila pini zetu haziingii kwenye soketi za kule. Adapta ni ya bei ndogo. Kompyuta isafiri begi la mkononi, na pawabanki vilevile, maana mashirika ya ndege hayairuhusu kwenye mizigo ya chini.

Siku tatu kabla ya kupanda treni ya Dar es Salaam, zimeni intaneti nyumbani, kisha mwambieni afungue barua ya chuo na viza kwenye kompyuta hiyo. Zisipofunguka, fundi bado yupo jirani.