Michezo ya Kuchafuka Katika Sherehe ya Mtoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wazazi wengi huadhimisha siku ya kuzaliwa ya mtoto kwa kuwaandalia watoto michezo ya kuchafuka: mabeseni ya maji ya rangi, unga uliokandwa, povu, matope na rangi za kupaka kwa vidole. Michezo hiyo ina manufaa, kwa kuwa mtoto mdogo hujifunza kwa kugusa, kumimina na kufinyanga. Uchafu wenyewe hautusumbui, maana huoshwa. Linalotusumbua ni bidhaa zinazonunuliwa. Mtoto wa miaka miwili hatofautishi cha kuchezea na cha kula. Kwa hiyo kila kitakachowekwa mbele yake kihesabiwe kuwa kitaingia kinywani.

Soma lebo

Maneno “haina sumu” hayamaanishi kwamba bidhaa inaliwa. Tazama umri uliotajwa: duara lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, lililokatwa kwa mstari, huonya kwamba bidhaa haiwafai walio chini ya miaka mitatu. Rangi za ukutani na za kutia nguo zisipakwe kwenye ngozi. Rangi iliyofungwa katika mfuko usio na maandishi yoyote isinunuliwe, hata ikiwa ya bei nafuu.

Bidhaa ya kuepuka kabisa

Punje za jeli za rangi, ziitwazo shanga za maji, ni ndogo zikiwa kavu, lakini zikilowekwa huvimba mara nyingi ya ukubwa wake. Mtoto akizimeza huendelea kuvimba tumboni na huweza kuziba utumbo. Wako watoto waliofanyiwa upasuaji, na wako waliofariki. Aghalabu punje hizo hazionekani katika picha ya eksirei. Ukishuku kuwa mtoto amemeza, usingoje dalili: mpeleke hospitali mara moja pamoja na kifungashio.

Unga na moto

Wanga wa mahindi uliotiwa rangi ukirushwa hewani huweza kulipuka. Tarehe 27 Juni 2015, nchini Taiwan, unga wa namna hiyo uliwaka juu ya umati katika bustani ya michezo ya maji. Watu 15 walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa. Mishumaa ya keki basi izimwe na kiberiti kiondolewe kabla mchezo haujaanza, na unga usirushwe.

Unachoweza kutengeneza nyumbani

Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vikombe viwili vya maji na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi donge lishikamane, kisha uache lipoe. Tunashauri upikwe kwa sababu unga mbichi huweza kubeba vijidudu vya maradhi. Hata hivyo donge hili lina chumvi nyingi, na mtoto asiachwe alile. Kwa rangi, maji ya bitiruti au manjano yanatosha, ingawa manjano hayatoki upesi katika nguo.

Maji na usimamizi

Mtoto mdogo huweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu. Kila beseni lisimamiwe na mtu mzima mmoja asiyekuwa na kazi nyingine, na maji yamwagwe mara mchezo unapokwisha.

Ukiajiri mwandaaji wa sherehe

Kabla ya kutoa malipo ya awali, dai orodha ya vifaa atakavyotumia na uone vifungashio vyake. Tunza risiti. Mtoto akidhurika, baada ya kumpatia matibabu, leta risiti na kifungashio katika ofisi yetu iliyo karibu nawe. Taarifa yako huenda ikamwokoa mtoto wa jirani usiyemfahamu.